Mwanao aliwahi kupona saratani? Itafute karatasi ya dawa alizopewa kabla faili halijapotea

MkulimaHombolo (mwenye uzi)

Wakuu habari zenu. Wa nyumbani, mbukwenyi.

Humu mimi ni msomaji tu, kuandika si kazi yangu. Ila hili nimekaa nalo zaidi ya mwaka, na sasa naona nikinyamaza nitakuwa nimewakosea wazazi wenzangu. Najua humu wamo ambao watoto wao waliugua saratani, wakatibiwa, wakapona, na habari hiyo ikawa haizungumzwi tena nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Binti yangu alizaliwa mwishoni mwa 2010. Alipokuwa na mwaka na nusu, mama yake aliona kwamba kila akimsogeza karibu na koroboi jioni, mboni ya jicho la kushoto inang'aa nyeupe kama jicho la paka. Bibi yake akasema huo ni mtoto wa jicho. Tukazunguka wee, mwisho tukafika Dar. Ilikuwa saratani ya jicho, ile wanayoiita retinoblastoma, tena macho yote mawili. La kushoto likatolewa. La kulia wakalipigania kwa dripu za dawa za saratani na mionzi, likapona, na linaona mpaka leo. 2013 tukarudi kwetu Hombolo, Dodoma, na mtoto mwenye jicho moja la bandia, tukachinja mbuzi. Kliniki tulihudhuria miaka mitano. Baadaye nauli, kilimo, msiba wa huku na kule, tukaacha. Mtoto ni mzima, unaenda kufuata nini?

Machi 2024 tuko kwenye mavuno ya zabibu, akaanza kulalamikia mguu wa kushoto, juu kidogo ya goti. Mchana anachechemea, usiku analia. Zahanati wakasema kajigonga akicheza rede, wakatupa vidonge vya maumivu. Mara ya pili tukaambiwa ni maumivu ya kukua. Mara ya tatu wakapima malaria. Bibi akawa anamkanda kwa maji moto na mafuta ya nyonyo. Kufikia Juni pale juu ya goti pamevimba, ngozi imetuna inang'aa, ukigusa pana joto.

Miezi yote hiyo, kila aliyempima alimwona ana jicho la bandia. Hakuna hata mmoja aliyeuliza jicho lile lilitoka kwa sababu gani. Na mimi baba mtu sikusema, maana akilini mwangu jicho ni jicho na goti ni goti.

Aliyeuliza ni daktari kijana kabisa hapa Dodoma mjini, bado yuko mafunzoni. Hakuanza na mguu. Alimtazama mtoto usoni, akasema, "Baba, jicho hili lilitolewa kwa nini?" Nikamweleza. Akanyamaza, akaandika eksirei, akatusindikiza mwenyewe hadi chumba cha picha. Ilipotoka akainyanyua dirishani tuione wote: mfupa wa paja, pale unapokaribia goti, ulikuwa umetoa miale pembeni kama jua linavyochorwa na mtoto wa chekechea.

Agosti tukapanda treni ya umeme kwenda Dar, ndiyo kwanza ilikuwa imezinduliwa. Wakachukua kinyama, wakapima. Saratani ya mfupa.

Nikauliza ambalo mzazi yeyote angeuliza: ile ya jichoni ndiyo imeteremka mguuni? Daktari bingwa akasema hapana. Ile ya kwanza ilipona kweli. Hii ni nyingine, mpya, ya aina yake, imezaliwa kwenye mfupa wenyewe. Wanaiita saratani ya pili. Akanieleza kwamba mtoto ambaye retinoblastoma imemshika macho yote mawili huchukuliwa kuwa amezaliwa na kasoro kwenye jeni moja inayoitwa RB1, hata kama kwenye ukoo hakuna aliyewahi kuugua. Jeni hiyo kazi yake ni kama breki, inazuia chembe za mwili zisigawanyike ovyo. Na breki hiyo haiko jichoni peke yake, iko mwili mzima. Ndiyo maana watoto hawa wakikua wanakuwa kwenye hatari ya saratani ya mifupa, ya misuli na ya ngozi, na waliopigwa mionzi hatari huongezeka pale mionzi ilipopita. Mguu wa binti yangu haukupigwa mionzi yoyote. Ni jeni.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike. Daktari akauliza, "Mara ya kwanza alipewa dawa zipi, na kiasi gani?" Mimi najua dripu tu. Faili la zamani likatafutwa siku tisa kule lilikotakiwa liwepo. Halikuonekana. Jioni ya siku ya tisa mke wangu akampigia simu mdogo wake Hombolo, akamwambia afungue sanduku la bati chini ya kitanda cha bibi, achukue daftari.

Ni daftari la kurasa 48, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Jalada limebanduka, lina doa la mafuta ya taa pembeni. Mama yake binti alikuwa anaandika kila siku ya dripu: tarehe, uzito wa mtoto, jina la dawa akilinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye kichupa, na kiasi alichoona nesi anavuta. Kingereza hajui. Aliandika kwa herufi kubwa kama mtu anayechora. Pembeni ameweka na mambo yake: "leo katapika mara 6", "leo kala uji wote".

Daktari alikaa na daftari lile karibu nusu saa, anafunua ukurasa mmoja mmoja, anajumlisha kwenye kikokotoo cha simu. Kaboplatini, vinkristini, etoposaidi. Akasema, "Mama, umetusaidia sana." Kaboplatini ni ndugu wa sisplatini, ambayo ni mojawapo ya dawa kubwa za saratani ya mfupa, na zote mbili zinaweza kuumiza masikio na figo. Kwa hiyo kabla ya kuanza wakampima usikivu na figo. Figo salama. Masikio, sauti nyembamba alikuwa hazisikii vizuri tayari, miaka yote hiyo tulidhani ni ukaidi. Wangeanza bila kujua hilo ingekuwaje?

Septemba wenzake wakafanya mtihani wa darasa la saba, yeye yuko wodini. Desemba mguu ukakatwa juu ya goti. Dripu zilimalizika mwaka uliofuata. Yuko hai, yuko shule.

Ombi langu ni moja. Kama mwanao aliwahi kutibiwa saratani, hata kama ni mzima kama chuma, nenda ukaombe karatasi inayoonyesha alichopewa. Leo, wakati bado wapo wanaomkumbuka.

---

MamaWawili_Nzuguni

Kaka pole sana, na mpe pole mama mtoto. Nimesoma kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na saratani ya damu, alimaliza dawa 2021, sasa ana miaka 10. Mimi nilichokuwa naogopa ni kurudi kwa ile ile. Hili la saratani ya pili sijawahi kulisikia, hakuna aliyenitajia. Je, na mwanangu naye yumo? Hakupigwa mionzi, ni dripu, vidonge na zile sindano za mgongoni. Naomba anayejua anijibu taratibu, moyo unanienda mbio.

---

NesiWaZamu

Mama Wawili, vuta pumzi kwanza. Nimefanya kazi wodi ya watoto wenye saratani miaka mingi, nitakueleza ninavyoelewa, na daktari wake ndiye wa kukupa la mwisho.

Kurudi kwa saratani ni ile ile kuamka tena, na mara nyingi hutokea miaka ya mwanzo baada ya matibabu. Saratani ya pili ni ugonjwa mwingine. Sababu zake kubwa ni tatu na mara nyingine huchanganyika: mionzi, baadhi ya dawa, na jeni alizozaliwa nazo mtoto kama alivyoeleza mwenye uzi. Mionzi ndiyo huchelewa zaidi. Uvimbe unaotokana nayo kwa kawaida huonekana miaka 10 na kuendelea, ndani au pembezoni mwa sehemu iliyopigwa. Aliyepigwa shingoni hutazamwa tezi ya shingo, aliyepigwa kichwani hutazamwa uvimbe wa ubongo na utando wake, aliyepigwa kifuani hutazamwa matiti.

Dawa ni hadithi nyingine, zenyewe huelekea kuleta saratani ya damu. Kundi la saiklofosfamidi na ndugu zake, ikitokea, mara nyingi ni miaka 5 hadi 7 baadaye. Etoposaidi na ile nyekundu inayogeuza mkojo rangi, doksorubisini, huwahi zaidi, mwaka 1 hadi 3.

Sasa ukubwa wa jambo lenyewe. Marekani wana utafiti walioanza 1994 unaofuatilia watu waliopona saratani utotoni, kila mmoja akiwa ameshavuka miaka 5 tangu augue. Kwenye ripoti ya 2010, iliyotazama watu zaidi ya 14,000 waliougua kati ya 1970 na 1986, baada ya miaka 30 karibu watu 8 kati ya 100 walikuwa wamepata saratani nyingine kali, ukiacha zile nyepesi za ngozi. Ni takriban mara 6 ya wenzao wa umri wao. Ni nyingi, silifichi. Lakini geuza upande wa pili: 92 hawakupata. Na wengi wa kizazi kile walipigwa mionzi mikubwa kuliko wanayopigwa watoto wa leo.

Mwanao hakupigwa mionzi, hiyo ni habari njema kwake. Ukimwona anapauka, anavilia damu bila kujigonga, anatoka damu puani, homa haziishi, usikae na panado. Nenda wapime picha kamili ya damu, na uwaambie alishawahi kutibiwa nini. Karatasi utaipataje nitakuandikia chini.

---

Chamwino_Asili

Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Kwa hiyo dawa za hospitali ndizo zinazoleta saratani? Na mionzi ndiyo inaleta? Halafu tunaambiwa tupeleke watoto? Mtoto wa kaka yangu ana uvimbe wa taya, hospitali wamesema aanze dripu wiki ijayo. Nikisoma hapa naona bora arudi nyumbani, kuna mzee hapa anatoa mizizi, hana habari za saratani ya pili.

---

MkulimaHombolo

Mkuu, tafadhali. Nakuomba kama ndugu. Usichukue maneno yangu ukamrudisha mtoto nyumbani, sitaweza kulala.

Kama si zile dripu za 2012 na ile mionzi, binti yangu asingefika darasa la kwanza. Retinoblastoma ikiachwa inatoka jichoni inaingia ubongoni. Pale wodini alikuwepo mtoto wa kitanda cha jirani, wazazi walichelewa kwa sababu ya mizizi, jicho lilikuwa limetokeza nje kama ngumi. Mama yake alikuwa anamfunika kwa khanga watu wakipita. Hakumaliza mwezi.

Binti alipata miaka 11 ya kukimbia, kusoma, kugombana na wadogo zake. Nikirudishwa 2012 nikaambiwa yote yatakayokuja, nitasaini tena kwa mkono huu huu.

---

NesiWaZamu

Chamwino_Asili, uvimbe wa taya kwa mtoto ukanda wetu huu mara nyingi ni ile lymfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya mfumo wa mitoki. Kama ndiyo hiyo, nakusihi usipoteze hata siku tatu. Ule uvimbe ni miongoni mwa zinazokua haraka kuliko zote, unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Uzuri wake, hiyo kasi ndiyo inayoufanya uyeyuke kwa dripu. Nimeona taya lililofunga jicho linashuka ndani ya wiki ya kwanza mpaka mama anashindwa kuamini. Na Burkitt kwa kawaida hutibiwa kwa dawa, haihitaji mionzi.

Nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani wanapona. Kwenye nchi nyingi zenye kipato kama chetu hawafiki 30. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango 2018, linataka angalau 60 kati ya 100 wawe wanapona ifikapo 2030. Tofauti hiyo haitokani na ukali wa ugonjwa. Wetu wanachelewa kufika, wengine hawagunduliki kabisa, na wengine wanaanza dripu wanaziacha katikati kwa sababu ya nauli au kwa maneno kama haya ya mizizi. Saratani ya pili inampata aliyeishi baada ya ile ya kwanza. Mtoto wa kaka yako anatakiwa kwanza aishi.

Na madaktari hawakulala. Baada ya kuona madhara, walianza kupunguza. Kwenye utafiti ule ule wa Marekani, watoto waliougua miaka ya 1970 walipigwa mionzi 77 kati ya 100, wa miaka ya 1990 wakashuka hadi 33. Na saratani za pili ndani ya miaka 15 zikashuka kutoka 2.1 hadi 1.3 kwa kila 100. Zilipungua kwa kuwa waliopona walifuatiliwa na kumbukumbu zao zikatunzwa.

---

Chamwino_Asili

Nimeelewa. Samahani kama nimeongea vibaya. Nimempigia kaka, nimemwambia asiahirishe. Nauli nitachangia mimi.

---

BintiWaKondoa

Nimesoma huu uzi mara tatu kabla ya kuandika.

Nina miaka 26. Nikiwa na 14 nilivimba mitoki shingoni na kifuani, ikaonekana ni lymfoma ya Hodgkin. Nilipewa dripu na nikapigwa mionzi kifuani. Nina vidoti viwili vidogo vya wino kifuani, walivyoweka kulenga mashine. Nilikuwa nadhani ni kumbukumbu tu.

Mwaka jana nilienda kuomba kupimwa matiti kwa sababu niliwahi kusoma mahali kidogo. Niliambiwa, "Wewe bado mdogo, kipimo hiki ni cha wakubwa, rudi ukifika 40." Nikaondoka. Nina mchumba, tunatarajia kufunga ndoa mwakani, yeye anajua niliugua lakini hajui kama kuna linaloendelea. Hata mimi sijui kama linaendelea. Dada Nesi, naomba unieleze na usinifiche.

---

NesiWaZamu

Mdogo wangu, asante kwa kujitokeza. Sitakuficha.

Msichana aliyepigwa mionzi kifuani akiwa balehe, titi linakua wakati ule, ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi katika haya yote tunayoyazungumza. Katika ule utafiti wa Marekani, kwa wanawake waliopigwa mionzi kifuani utotoni, karibu 30 kati ya 100 walikuwa wamepata saratani ya matiti kufikia umri wa miaka 50. Ni hatari inayolingana na ya mwanamke aliyerithi kasoro ya jeni ya BRCA1, ile inayojulikana kwa kuleta saratani ya matiti kwenye ukoo. Kwa hiyo kanuni ya miaka 40 haikuhusu.

Mwongozo unaotumika kwa waliopona saratani utotoni unasema: mamogramu (eksirei ya matiti) na MRI (picha ya mashine ya sumaku) ya matiti kila mwaka, kuanzia miaka 25 au miaka 8 baada ya mionzi, lolote litakalochelewa kufika. Wewe una 26, mionzi ulipigwa na 14. Muda wako umeshafika.

Ukienda usiseme "naomba kupimwa matiti". Sema: "Nilipigwa mionzi ya kifua mwaka fulani kwa lymfoma ya Hodgkin, niko kwenye kundi la hatari kubwa, naomba rufaa kwa daktari wa saratani." Waonyeshe vile vidoti. Kama MRI haipatikani kwa urahisi, kwa umri wako altrasaundi husaidia kuona kile ambacho mamogramu inaficha, lakini hayo apange daktari. Na wewe mwenyewe yajue matiti yako, ukiona kitu kipya usisubiri tarehe ya kliniki. Shingo nayo ipapaswe kila mwaka, pale pana tezi.

Ikigundulika mapema hutibika. Hiyo nimeiona kwa macho.

Mchumba wako mwambie. Si kwa sababu una deni kwake, ila kwa sababu kliniki kila mwaka ni safari, na safari ni nyepesi ukiwa na mtu.

---

BintiWaKondoa

Nimelia kidogo, lakini nimepumua. Kutojua ndiko kulikokuwa kunanimaliza. Nimeyaandika hayo maneno kwenye karatasi kama ulivyoyasema, nitayasoma mbele yao kama risala.

---

Mwl_Mpwapwa

Swali kwa mwenye uzi. Umesema ni jeni. Je, wadogo zake? Na yeye mwenyewe akija kuolewa akazaa?

---

MkulimaHombolo

Mwalimu, hilo nalo tuliambiwa tukiwa tumechelewa, Mungu akatuhurumia.

Mtu mwenye kasoro hiyo, kila mtoto atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa hiyo binti yangu akija kupata mtoto, macho ya mtoto yule yatazamwe na daktari wa macho tangu wiki za kwanza, asisubiri kuona weupe. Kwa wadogo zake, wawili walio hai, walitazamwa ndani ya mboni baada ya kuwekewa matone ya kupanua, wako salama. Kipimo cha jeni chenyewe kipo duniani, ila hatujakifanya.

Kwenye ukoo kulikuwa na maneno. Kwamba kwetu kuna laana, jicho kisha mguu, kuna mtu kala kiapo. Shangazi mmoja alitaka twende kutambika. Nilimchukua yule daktari kijana kwa simu, nikaweka sauti kubwa, akamweleza shangazi kuhusu breki. Hakukubali yote, lakini aliacha kuita laana mbele ya mtoto. Binti alikuwa anasikia, jamani. Watoto wanasikia.

---

NesiWaZamu

Niliahidi habari ya karatasi.

Nenda hospitali ile ile iliyomtibu, na kadi ya zamani kama unayo, au namba ya faili, au hata tarehe za kulazwa. Omba muhtasari wa matibabu. Ni haki ya mgonjwa kujua alichotibiwa nacho, wala usiende kwa kunyenyekea kama unaomba mkopo. Ndani yake unataka jina kamili la ugonjwa na tarehe uliyogundulika, kila dawa na jumla ya kiasi alichopewa kuanzia dripu ya kwanza hadi ya mwisho, na kama alipigwa mionzi, ni sehemu gani ya mwili na grei ngapi, yaani kipimo cha wingi wa mionzi. Upasuaji pia. Ile dawa nyekundu jumla yake ni muhimu mno, kwa sababu moyo una kiwango chake unachoweza kuvumilia maisha yote. Akija kuugua tena miaka 20 baadaye, daktari wa wakati huo atahitaji kujua kiasi gani kimeshatumika.

Faili likikosekana, usikate tamaa. Idara ya mionzi hutunza kumbukumbu zake kivyake, famasia wana vitabu vyao, maabara ya vinyama nayo ina rejista. Nimewahi kuunganisha historia ya mtoto kutoka vitabu vitatu tofauti.

Ukishaipata piga picha, jitumie kwenye barua pepe, mpe nakala na mtu mwingine wa familia. Panya, mchwa na mvua havichagui.

Halafu mambo ya nyumbani. Sigara na ugoro asiguse kabisa. Ngozi iliyopigwa mionzi iwe na kofia au mkono mrefu, jua la Dodoma mnalijua. Mabinti wapate chanjo ya mlango wa kizazi, inatolewa kwa wenye miaka 9 hadi 14, ikiwa bado. Na maumivu ya mfupa yanayoamsha mtoto usiku, yakizidi wiki mbili kwa mtoto aliyewahi kuwa na saratani, yapigwe picha. Ya kukua huuma miguu yote miwili na asubuhi yamepotea. Yanayokaa mguu mmoja, mahali pamoja, si ya kukua.

---

MamaWawili_Nzuguni (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi. Mara ya kwanza niliambiwa rudi Alhamisi. Alhamisi nikaambiwa mhusika yuko semina. Mara ya tatu nilikaa kwenye benchi tangu saa moja asubuhi, nikabeba na chapati zangu. Saa nane mchana akatoka dada mmoja na faili, limefungwa kamba, alilikuta kwenye boksi la mwaka mwingine.

Nimepata kurasa mbili zenye muhuri. Dawa nyekundu imeandikwa, jumla yake ni ndogo, daktari akasema iko chini kabisa ya kiwango cha hofu. Saiklofosfamidi ipo. Mionzi: hakuna. Nimempangia kliniki mara moja kwa mwaka. Nimeiwekea plastiki ya moto pale Majengo, nakala tatu.

Baba Hombolo, binti anaendeleaje?

---

MkulimaHombolo

Mama Wawili, umefanya jambo kubwa. Mke wangu amekusomea dua.

Binti yuko vizuri. Mguu wa bandia wa kwanza ulimchubua, alikuwa anauvua akifika tu shule. Wamembadilishia soketi, pale panapoingia kisiki cha mguu, sasa anatembea na fimbo moja. Anataka kusoma udaktari, na mimi sisemi neno.

Juzi nilimkuta chini ya mwembe na lile daftari la mama yake. Amenunua daftari lingine, gumu la kaunta, anahamisha yote upya kwa mwandiko wake, anasahihisha tahajia za dawa. Alipofika kwenye "leo kala uji wote" alisita, akaniuliza kama nalo aliandike. Nikamwambia aandike.

Alhamisi tunapanda treni ya asubuhi, ana picha ya kifua na kipimo cha masikio. Nitawaletea majibu.